Pedeli Yenye Umbo la Mguu Wangu

Juzi nilikuwa napita sokoni Bunda na mfuko wa mchele kichwani, nikasikia harufu ya tairi linalokatwa. Sisemi tairi linaloungua. Hiyo kila mtu anaijua na hakuna anayeipenda. Hii ni harufu ya mpira uliolowa, kwa sababu fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi, akitaka kukata tairi huchovya kisu kwenye kopo la maji kwanza, halafu hukivuta taratibu, na mpira unafunguka kama mgongo wa samaki mkubwa. Fundi aliyekaa pale alikuwa kijana, simjui. Nilisimama mbele yake mpaka akaniuliza navaa namba ngapi. Nikamwambia sinunui, naangalia tu. Akacheka, akachovya kisu tena, na mimi nikabaki pale na mchele wangu, nimerudi kuwa mtoto wa darasa la tatu.

Kwetu ni Makoko, Musoma, karibu sana na ziwa, mahali ambapo bati jipya linapata kutu kabla hujamaliza kulisifia. Baba alikuwa anatengeneza mitumbwi. Dada yake, Shangazi Nyanjige, aliishi nasi na alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa anapakia magunia kwenye gari dogo jeupe ambalo yeye na Baba walilinunua kwa pamoja, anapeleka Bunda na Butiama. Gari hilo tulikuwa tunaliita Furu, jina la wale samaki wadogo wa ziwani wenye miiba mingi, kwa sababu lilikuwa dogo, gumu, na ukikaa vibaya kwenye siti yake halikosi kukuchoma mahali. Lilinuka dagaa kiangazi na masika. Hata likioshwa kwa sabuni ya unga na kuachwa milango wazi kutwa nzima, jioni ukiingia unakutana na dagaa walewale.

Mimi nilikuwaga mtoto wa kunyamaza. Mwalimu akiniuliza swali, jibu lilikuwa linakuja mpaka kwenye meno, likiona watu linarudi. Lakini ndani ya Furu nilikuwa naongea. Nadhani ni kwa sababu kwenye gari hamtazamani. Wote mnaangalia barabara, na maneno yanakwenda mbele kwenye kioo badala ya kwenda usoni kwa mtu. Shangazi alikuwa ananiita mama, kwa kuwa nimepewa jina la bibi yangu, yaani mama yao yeye na Baba. "Mama, hebu niambie leo shuleni wamekufundisha nini," alikuwa ananiuliza tukitoka Makoko, na tukifika njia panda ya Butiama nilikuwa bado sijamaliza kumjibu.

Siku za kazi Shangazi aliendesha kwa adabu kama mtu aliyebeba mayai. Lakini mara mojamoja, Jumamosi, alikuwa anakwenda Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda, ambako madereva walikuwa wanakutana kwenye shimo pana la zamani la kuchimba kifusi. Humo walikuwa wamejitengenezea njia ya kuzunguka, wakaipangia matairi mabovu pembeni, wakawa wanashindana. Walikuwa madereva wa teksi, mafundi, wenye maduka, na mwanamke mmoja tu, Shangazi yangu. Hapakuwa na kikombe wala zawadi. Aliyeshinda alikuwa anabebwa juu juu mpaka anaomba ashushwe.

Njia ile ilikuwa na sehemu moja ndefu iliyonyooka, ambayo mwisho wake ilishuka na kukata ghafla kushoto chini ya kichuguu kikubwa. Pale ndipo Shangazi alipokuwa anaharibikiwa. Mara ya mwisho Furu lilimteleza kwenye kona hiyo, likaenda moja kwa moja kwenye katani. Alirudi Makoko usiku akivutwa na lori, bampa ameliweka siti ya nyuma kama abiria. Klachi ilikuwa imeungua. Dagaa walikaa nyumbani kusubiri klachi mpya mpaka majirani wakaanza kuuliza kama kuna mtu amefariki.

Baba hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kupiga randa na kusema maneno machache kati ya mti na mti.

"Nyanjige," alisema, "gari hili ni la dagaa. Magori wa Butiama analitaka la kubebea maziwa. Ukienda tena Guta likarudi limevunjika, Magori analichukua."

"Na likirudi zima?"

"Halijawahi kurudi zima."

"Kaka, mimi nimekuuliza likirudi zima."

Randa ilikwenda, ikarudi. "Nitakuwepo," Baba alisema. "Na Magori atakuwepo. Tutaona wote kwa macho."

Nilikuwa nimekaa kwenye vumbi la mbao, nikasikia kila neno. Mtu mzima angeelewa kwamba wanabishana juu ya gari. Mimi nilielewa kwamba wanataka kuuza mahali ninapoongea.

Kesho yake tulikuwa tunatwanga udaga, ile mihogo mikavu ya ugali, mimi na Shangazi, kinu kimoja, michi miwili. Mnajua utamu wa kutwanga wawili: wa kwako ukipanda wa mwenzako unashuka, tu-tu, tu-tu, mpaka mikono inasahau kwamba inafanya kazi. Katikati ya mwendo huo Shangazi akachelewesha mchi wake kidogo kwa makusudi. Michi ikagongana, mkono wangu ukafa ganzi mpaka begani, na unga ukaruka.

"Pole, mama. Umesikia ilivyouma? Hivyo ndivyo Furu linavyofanya pale kwenye kichuguu."

Akanieleza huku ananisugua mkono. Gari likiwa linakimbia na gia ya nne, unapofika kona kali unatakiwa kufunga breki na kushusha gia mpaka ya pili. Lakini wakati huo injini imeshapoa mwendo na magurudumu bado yana mwendo. Ukiachia klachi hivyohivyo, vinagongana kama michi ile, gari linashtuka, magurudumu yanateleza, unajikuta kwenye katani. Dawa yake ni kuigusa injini kwa mafuta kidogo, pa, mara moja, ili ipate mwendo sawa na magurudumu kabla hujaachia klachi. Na uguse wakati uleule ambao bado umekanyaga breki.

"Sasa miguu ni miwili," nikasema, "na pedeli ni tatu."

"Ndiyo shida yenyewe. Wa kushoto uko kwenye klachi. Wa kulia ndio unafanya kazi mbili: mbele unakanyaga breki, kisigino kinageuka kinagusa mafuta. Wenye miguu mirefu wanafanya. Mimi pedeli ya mafuta iko mbali nami, tena iko chini sana. Nikigeuza kisigino kinapiga hewa." Alinyoosha mguu wake, mfupi na mpana, tukautazama wote wawili, tukacheka.

Mafundi wa magari wa Musoma walimwambia pedeli haiguswi, ikiguswa ni balaa. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tulipopeleka dagaa Bunda, tulikwenda kwa Fundi Abdala. Huyu alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia ya kufuma na tumbo la heshima, na kazi yake ilikuwa katambuga, majiko na ndoo. Alikuwa hajawahi kutengeneza gari. Shangazi alimchagua kwa sababu katambuga alizomuuzia alikuwa amezivaa miaka na miaka na hazijawahi kumbana.

Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, kumbe unataka kuivisha pedeli kiatu."

"Ndiyo, fundi. Kinene, ipande juu. Na kipana, isogee karibu na breki."

"Upana gani? Nahitaji kiatu cha kuchorea." Akatazama katambuga za Shangazi, akazipima kwa macho, akatikisa kichwa. Hizo zingefika mpaka juu ya breki. Akageuka, akaona miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya shule kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo. "Binti, hebu nivulie cha kulia."

Aliweka kiatu changu juu ya kipande cha tairi, akakizungushia chaki. Akachovya kisu kwenye maji, akakata. Harufu ile ndiyo iliyonisimamisha juzi. Akakata kingine, na kingine, akavibandika kimoja juu ya kingine kama chapati, chini akaweka kipande cha bati nene, akavipitishia parafujo. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, nimeshika ukuta wa kibanda chake, naangalia mguu wangu unavyozaliwa upya kwa mpira.

Kisha akaingia nusu mwili ndani ya Furu kukifunga. Akamketisha Shangazi kwenye usukani, gari limezimwa. "Weka mguu kwenye breki. Tulia hivyohivyo. Mteja akitikisika kiatu kinatoka kikubwa." Shangazi akatulia. Fundi akafunga kile kiatu kwenye pedeli ya mafuta, akahakikisha kiko sawasawa na breki, akapitisha kiganja juu ya vyote viwili kama mtu anayelainisha shuka.

"Tayari," alisema. "Saa yoyote ukikanyaga kimoja, cha pili kiko hapohapo."

Niliinama kuangalia. Chini ya usukani, mahali pa mafuta, palikuwa na mguu mdogo mweusi wa mpira, una kisigino, una kiuno, una ncha ya vidole. Niliushusha mguu wangu juu yake. Ukakaa. Haukuzidi wala kupungua.

Sasa niambieni, mtoto wa darasa la tatu aelewe nini hapo? Shangazi amesema mguu wake hautoshi. Fundi ameangalia viatu vyake, akavikataa. Akachukua changu. Gari limevishwa mguu wangu. Ilikuwa wazi kabisa kwangu kwamba watu wazima wamekaa, wamefikiri, wakaona kwamba pale kwenye kichuguu anatakiwa mtu mwenye mguu mdogo, na mtu huyo ni mimi. Sikuuliza. Niliona kwamba jambo kubwa namna hiyo mtu hatangaziwi, anapimwa kiatu tu, kama askari.

Wiki ile yote nilifanya mazoezi. Nyumbani nilipanga matofali matatu mbele ya kigoda: klachi, breki, mafuta. Darasani nilifanya chini ya dawati bila matofali, mguu wa kulia unakanyaga na kugeuka, unakanyaga na kugeuka. Mafuru, niliyekaa naye dawati moja, alinivumilia, halafu akachoka.

"Wewe, unakanyaga mende?"

Nikaendelea kukanyaga.

"Nakuuliza, una vijidudu miguuni?"

Mafuru alikuwa mwongeaji wa darasa zima, na baba yake naye alikuwa anakimbiza gari Guta. Sijui nini kilinipata. Jibu lilikuja mpaka kwenye meno, na safari hii halikurudi.

"Najifunza kona ya kichuguu. Jumamosi mimi ndiye nitaendesha Furu."

"Nani?"

"Mimi. Wameshapima mguu wangu. Pedeli ni ya kwangu."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema katika chumba kile. Watu wa mbele waligeuka. Mafuru alicheka mpaka akapiga kichwa kwenye dawati, lakini baadaye, tukienda kunywa maji, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kweli wamepima?" Nikamwonyesha kiatu, pembeni bado kina chaki. Akakishika, akakirudisha.

Jumamosi ya mashindano tuliondoka Musoma asubuhi na mapema, mimi na Shangazi. Nilivaa viatu vya shule vilivyopigwa rangi. Wiki nzima Furu lilikuwa limekwenda vizuri, maana barabarani Shangazi alikuwa anagusa breki kidogo tu, kwa adabu ile yake. Njia nzima alinisimulia anavyopanga kuiingia kona, na mimi nilisikiliza kwa makini sana nikijua kwamba ananipa maelekezo.

Guta palikuwa pamejaa. Wauza miwa, wauza mahindi ya kuchoma, watoto juu ya kingo za shimo kama ndege. Fundi Abdala alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ndoo yake mwenyewe, mkoba wa vifaa magotini, amekuja kuona kiatu chake kinavyotembea. Mafuru alikuwepo na baba yake. Na upande wa pili, karibu na pikipiki iliyofungwa madumu ya maziwa, alisimama Baba na gambuti zake za kazini, pembeni yake mzee mwembamba mwenye kofia ya pama: ndiye Magori. Shangazi alikwenda kuwaamkia.

"Shikamoo, kaka. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Magori alisema, macho yake yako kwenye Furu. "Nyuma hapo madumu mangapi yanaingia?"

"Leo hayaingii hata moja," Shangazi akajibu, akaondoka.

Kabla ya mashindano kila dereva alikuwa anaruhusiwa kuzunguka peke yake mara moja kuijaribu njia. Nilishangaa Shangazi alipoingia kwenye usukani yeye, nikajiambia labda analipasha moto gari kwa ajili yangu. Akaenda. Kwenye mstari mrefu Furu lilifungua sauti ambayo sikuwahi kuisikia barabarani, vumbi likasimama nyuma yake kama ukuta. Akafika kwenye kichuguu, taa nyekundu za breki zikawaka. Na papo hapo injini ikapiga ukelele mkubwa, vuuuuuum, haukomi, kama ng'ombe aliyefungwa. Furu lilikuwa linafunga breki na kukimbia kwa wakati mmoja. Halikukata kona. Lilipita katikati ya matairi, likaingia kwenye shamba la mtama, likapotea. Tuliona tu masuke yakiinama kwa mstari, halafu yakatulia.

 Mlango ukasikika, na sauti ya Shangazi ikatoka kwenye mtama: "Niko mzima! Na gari zima! Njooni mnisukume!"

Walimsukuma wakicheka. Magori alimwambia Baba kitu, Baba akatikisa kichwa kidogo kwa namna ambayo sikuipenda. Shangazi alishuka, nywele zimejaa makapi ya mtama, akamwendea Fundi Abdala.

"Fundi, umeniua. Nikibana breki sana mguu unakanyaga na mafuta. Vyote viwili!"

"Haiwezekani. Nilipima mwenyewe, viko sawasawa kama meza."

"Nakwambia breki inazama, kiatu chako kinabaki juu!"

Wakati wanabishana mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango ulio wazi, na mambo yote yalikuwa yanaeleweka vizuri kichwani mwangu. Bila shaka limemshinda. Pedeli haikupimwa kwa mguu wake. Ningeweza kuwaambia tangu mwanzo. Nikapanda, nikakaa kwenye usukani, nikajivuta mbele mpaka ukingo wa siti, nikaweka mguu wa kulia juu ya mguu wa mpira. Ukakaa.

"Oyaaa!" Ilikuwa sauti ya Mafuru kutoka juu ya ukingo. "Dereva ameingia! Mwoneni dereva!"

Wakageuka wote. Nilihisi masikio yananiungua, lakini sikushuka. Shangazi alikuja, akainama dirishani.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Nimekuja kuendesha." Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Si mlipima mguu wangu?"

Fundi Abdala alianza kucheka kwa tumbo lote. Shangazi akamnyooshea kidole bila kumtazama, na kicheko kikakatika. Alinitazama mimi, akatazama viatu vyangu vilivyopigwa rangi, akatazama pedeli. Nikaona uso wake ukibadilika taratibu, wiki nzima ikipita machoni mwake. Sasa mimi ni mtu mzima na nimewaona watu wengi wakikutana na ujinga wa mtoto. Wengi wanacheka, wachache wanakaripia. Shangazi alifanya kitu kingine. Alifikiri.

"Fundi," alisema, "siku ile tulipima gari imezimwa."

"Ndiyo. Mteja ametulia."

"Injini ikizimwa breki inakuwa ngumu kama jiwe, haishuki. Ikiwaka inalainika. Na mimi kwenye kona naibana kwa nguvu zangu zote. Pale ndipo tulitakiwa kupima."

Fundi alivua kofia, akajikuna. "Astaghfirullah. Kumbe kiatu hiki kinapimwa mteja akiwa anakimbia!"

"Haya basi, mama." Shangazi alizunguka, akavuta breki ya mkono, akaitoa gia. Akajilaza sakafuni upande wangu, kichwa chini ya usukani, miguu yake mifupi nje ya mlango. "Washa."

"Mimi?"

"Dereva si ni wewe?"

Niligeuza ufunguo. Furu likaamka, likatetemeka mpaka kwenye meno yangu.

"Kanyaga breki. Miguu yote miwili. Egemea nyuma, sukuma kama unamzuia ng'ombe dume asipite mlangoni. Zaidi! Zaidi, mama, mimi niko huku nakuona, unanihurumia nini?"

Nilisukuma mpaka mgongo ukazama kwenye ile siti yenye kuchoma. Pedeli ikashuka, ikashuka, ikagota. Nilihisi chaki ya Fundi ikinigusa kifundo cha mguu wakati Shangazi anaweka alama.

"Shikilia hapo! Fundi, inabaki juu karibu unene wa mpira mmoja!"

"Toa mmoja?"

"Toa mmoja na kipande. Iwe chini ya breki kidogo, isiwe sawa!"

Nikazima, nikashushwa, Fundi akafungua parafujo zake huku jasho linamdondoka kwenye kofia. Akaondoa chapati moja ya mpira, nyingine akaichonga kwa kisu, mara hii bila maji, haraka haraka. Nikapandishwa tena, nikawasha tena, nikasukuma tena. Tulirudia mpaka Shangazi akatoka chini ya usukani na vumbi usoni, akasema, "Hapo." Mashindano yalikuwa yamebakiza muda mfupi kuanza. Aliponishusha alinishika mabega.

"Mguu tuliupima kwako kwa sababu ya upana tu, mama. Kuendesha naendesha mimi. Lakini umelikanyaga vizuri."

Nilitakiwa kulia, nafikiri. Sikulia. Nilikuwa nimewasha gari mbele ya watu wa Guta wote.

Kitambaa cha kuanzisha mashindano kikashushwa, wakaondoka. Nilikimbilia kwenye ukingo juu ya kichuguu, Fundi Abdala nyuma yangu anahema, na Mafuru akatusogelea. Teksi moja ya Bunda ilitangulia, ya pili gari la baba yake Mafuru, Furu nyuma yao. Walikuja wakishuka mstari mrefu. Taa nyekundu zikawaka moja, mbili, tatu. Gari la baba yake Mafuru lilishtuka, likatikisa makalio, likajipata kwa shida. Halafu Furu. Tulisikia breki, na ndani ya breki injini ikabweka mara moja, fupi, pa! Basi. Likageuka chini ya kichuguu kimya kimya, kama mtu anayekata kona nyumbani kwake gizani.

"Umesikia?" Fundi alinishika mkono. "Umesikia kiatu?"

"Nimesikia!"

"Tena!" akasema Mafuru. "Subiri warudi."

Walirudi. Pa! Kila mzunguko nilikuwa nashusha pumzi baada ya mlio ule. Mzunguko mmoja baadaye Furu lililipita gari la baba yake Mafuru kwa upande wa ndani palepale kwenye kona, karibu sana mpaka vumbi lao likawa moja, na mimi nilipiga kelele ambazo sikujua kwamba ninazo. Teksi ya Bunda Shangazi hakuipata. Alimaliza wa pili. Waliyembeba ni mwenye teksi, lakini watu waliomzunguka Shangazi walikuwa wengi zaidi, wote wanachungulia chini ya usukani. Mafuru alichungulia muda mrefu.

"Mwambie shangazi yako," aliniambia, "hiyo pedeli amwazime baba."

Baba alikuja akitembea taratibu, gambuti zinapiga kelele, Magori nyuma yake. Alilizunguka gari lote. Akagusa bampa, likakaa. Akanusa kwenye magurudumu, ambako breki zilikuwa za moto kiasi cha kuchoma nyusi. Akapiga goti kwenye mlango, akatazama ule mguu wa mpira kwa muda, kama anavyotazama mbao kabla ya kuikubali.

"Nyanjige. Ule mlio pale kwenye kona ulikuwa wa nini?"

Shangazi akamweleza. Baba akasikiliza. Akauliza tena, akaelezwa tena. Kisha akavua gambuti moja, ya kulia, akaiweka kwenye majani, akaingia kwenye usukani. Sisi tukaingia naye, Shangazi mbele, mimi nyuma.

Njia ilikuwa tupu sasa. Baba aliondoka polepole kama mtu anayetoka kanisani, lakini mstari mrefu ulipofunguka, nikaona kwenye kioo anakunja midomo. Kwenye kichuguu alikanyaga breki, akageuza kisigino, akakosa, Furu likaruka kama mbuzi. Shangazi alicheka mpaka akashika dashibodi.

"Umechelewa, kaka! Kisigino kwanza ndipo uachie klachi."

"Usinicheke, niambie tena." Mzunguko wa pili akakosa. Wa tatu ikasikika, pa, ndogo, ya aibu, lakini yenyewe kabisa. Baba alipiga usukani kwa kiganja akasema neno la Kijita ambalo Bibi alikuwa anatukataza.

Tuliporudi penye pikipiki Magori alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, ameshikilia ile gambuti.

"Sasa, tunamalizana vipi juu ya gari?" aliuliza.

Baba hakuzima injini. Alimtazama Magori, akatazama njia, na nikaona mguu wake usio na kiatu unajigeuza wenyewe juu ya pedeli.

"Mzee wangu," alisema, "tafuta la mtu mwingine."

 Magori akafungua mlango wa nyuma, akainama, akaingia na kofia yake na gambuti ya Baba.

"Sogea, mjukuu," aliniambia. "Hata mimi nataka kuusikia huo mlio nikiwa ndani."